Maniema Mikononi mwa Wachoraji

Mei 1888 James Sligo Jameson, Mwairishi wa ukoo wa watengeneza wiski, alikuwa akiteremka mto Lualaba pamoja na Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa. Walitoka Kasongo, katika Maniema, mashariki ya Kongo. Jameson alikuwa amekwenda huko kuomba wapagazi wa kikosi cha nyuma cha msafara wa Stanley, ule uliodai kwenda kumwokoa Emin Pasha. Alipata kama 400, baada ya kusubiri sana. Walipofika Riba Riba, mahali panapoitwa leo Lokandu, mazungumzo yakageukia habari za watu kula watu. Jameson akatoa leso sita. Akaletwa msichana wa miaka kama kumi, akauawa mbele ya macho yake. Na Jameson, ambaye mkono wake ulikuwa hodari wa kuchora ndege na wadudu, akalichora tukio lile.

Mkalimani wake, Msiria aliyeitwa Assad Farran, alisema picha zilikuwa sita, zimefuatana tangu msichana anapoletwa hadi mwisho wake, na kwamba baadaye zilitiwa rangi ya maji na kuonyeshwa watu kambini. Hiyo ndiyo hadithi ya picha ya zamani kuliko zote ninazozijua kutoka Maniema, na ni vigumu kuiandika bila kukunja uso. Ina mpangilio wote ambao msomaji wa katuni anaufahamu: picha inazaa picha, kisa kinasogea. Jina la msichana halimo popote.

Jameson alikufa kwa homa huko Bangala tarehe 17 Agosti 1888. Kisa kilipolipuka katika magazeti ya London mwaka 1890, yeye alikuwa kaburini, lakini barua aliyoiandika kujitetea ilikuwepo, na mjane wake aliishikilia. Alieleza kwamba alidhani ni mzaha. Kwamba leso alizitoa ili kuwaumbua waliokuwa wakijisifu. Kwamba picha alizichora jioni, kwa kumbukumbu, akiwa amerudi alikolala. Farran alisema kalamu ilikuwa ikitembea wakati kisu kinafanya kazi. Waingereza wakabishana wiki kadhaa juu ya hilo: alichora saa ngapi? Mimi naona swali halikuwa la kipuuzi hata kidogo. Kila anayechora mateso ya watu wengine hulazimika kulijibu kwa namna fulani, na Jameson ndiye mchoraji wa kwanza wa habari za Maniema aliyesukumwa kueleza kazi yake mbele ya umma.

Kabla yake walikuwepo waliochora bila kufika. David Livingstone aliingia Maniema mwaka 1869 na kuweka makao Bambarre, ambayo ndiyo Kabambare ya leo. Mwaka uliofuata vidonda vya miguu vilimlaza pale kwa miezi, akitunzwa na wafanyabiashara wale wale ambao biashara yao ya watumwa aliilaani. Karatasi zilimwishia. Alipofika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, alikuwa akiandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu, The Standard la Novemba 1869, akigeuza ukurasa ubavu na kuvusha maandishi yake juu ya herufi zilizochapwa, kwa wino aliojitengenezea kwa mbegu za mmea. Wino huo ulififia hata ukakaribia kupotea kabisa. Ni mwaka 2011 tu wataalamu walipoweza kuusoma tena, kwa kuzipiga picha kurasa zile chini ya mianga ya rangi mbalimbali.

Kwenye kurasa hizo ndimo alimoandika habari za tarehe 15 Julai 1871, siku ambayo watu wenye bunduki waliwafyatulia risasi wanawake waliojaa soko la Nyangwe, na mamia wakafa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni. London ililijua tukio hilo kwa njia nyingine. Shajara zake zilipochapishwa 1874, baada ya kuhaririwa na Horace Waller, ziliwekwa mchoro mkubwa wa mauaji hayo: mitumbwi, moshi, mikono inayotapatapa majini. Aliyeuchora hakuwahi kuona Lualaba. Lakini mchoro ule ulikumbukwa kuliko maneno, na kwa vizazi kadhaa ndio uliokuwa Maniema kwa msomaji wa Ulaya.

Tippu Tip mwenyewe alikuwa na neno kuhusu picha. Katika maisha yake, aliyoyasimulia kwa Kiswahili na ambayo Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, anaeleza jinsi Stanley alivyomwahidi fedha na zawadi za ajabu ili amsindikize kutoka Kasongo na Nyangwe kuelekea kaskazini mwaka 1876. Zawadi alizozingojea hazikuja. Kilichofika kutoka kwa Stanley, analalamika, ni picha yake. Mzee alikuwa mfanyabiashara, naye alijua thamani ya kila pembe iliyopita mikononi mwake. Picha ya Stanley hakujua aiuze wapi.

Katika vita vya Wabelgiji dhidi ya wafanyabiashara Waarabu, Kasongo iliangukia mikononi mwa majeshi ya kamanda wao Dhanis tarehe 22 Aprili 1893, Nyangwe ikiwa imekwisha kuchukuliwa tangu Machi. Kabambare ilifuata Januari 1894. Daktari Mwingereza aliyekuwa na jeshi hilo, Sidney Hinde, aliandika kwamba waliingia Kasongo kwa ghafla mno hata askari wa kawaida wakalala juu ya magodoro ya hariri, ndani ya vitanda vya kuchongwa vyenye vyandarua vya hariri. Kulikuwa na sukari, mishumaa, vyombo vya fedha na vya kioo. Nimekuwa nikivitafuta vitanda hivyo katika michoro ya vita vile, na sijavikuta. Wabelgiji walichora wanachotaka kukumbuka: mashujaa wao, na Mwarabu mwenye kilemba anayepiga watu mijeledi. Watumwa walikuwepo kweli, tena kwa maelfu, na mali hiyo ya Kasongo ilitokana na jasho na damu yao. Hata hivyo, mji unaochorwa ukiwa na minyororo tu umenyang'anywa nusu ya historia yake.

Katuni za Ubelgiji ziliurithi mtazamo huo. Tintin alipelekwa Kongo na Hergé mwaka 1930, katika nyongeza ya watoto ya gazeti la Kikatoliki la Brussels, na Hergé hakuwa amekanyaga Afrika. Katika miaka ya 1950 jarida la Spirou lilichapisha maisha ya Stanley kwa picha, hadithi ikiandikwa na Octave Joly na kuchorwa na Victor Hubinon, fundi aliyejulikana kwa ndege za kivita na maharamia. Humo kuna msitu, mto, bunduki. Mkongo ana kazi mbili tu, kubeba mzigo na kurusha mshale.

Upande wa koloni lenyewe, idara ya habari ya serikali ilianzisha mwaka 1948 jarida la Nos Images, lililotolewa pia kwa lugha za nchi, Kiswahili kikiwamo. Ndani yake ilikaa familia ya Mbumbulu. Baba, mama na watoto walionyeshwa wakijifunza kunawa, kuweka akiba, kuheshimu wakubwa, na kuaibika kila walipokosea. Hadithi hizo zilichekesha, watu walizipenda, na ziliwafundisha wasomaji kusoma picha kwa mpangilio. Zilikuwa somo la uraia lenye vikaragosi.

Baada ya uhuru, mambo ya bede, kama Wakongo wanavyoziita hadithi za picha, yalihamia Kinshasa. Jarida la Jeunes pour Jeunes lilianza 1968, likaitwa Kake wakati wa siasa ya "authenticité" ya Mobutu, na wahusika wake walizungumza kama vijana wa mitaa ya mji mkuu. Miaka ya 1990 Papa Mfumu'Eto akawa akichora, kuchapa na kuuza mwenyewe vijitabu vyake vya Lingala, vyenye nyoka anayemeza wanawake na wakubwa wenye siri za giza. Mashariki, kwa wasema Kiswahili, hakukuwa na jarida la kulingana na hayo. Dar es Salaam walikuwa na jarida la Sani, na baadaye katuni ya Kingo ya James Gayo. Kasongo iko mbali na Kinshasa na iko mbali na Dar.

Kwa hiyo aliyeichora historia ya upande huu kwa Kiswahili alitoka kusini, Katanga, na hakuwa mchora katuni. Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa 1947 katika mji ambao siku hizo uliitwa Elisabethville. Aliishi kwa kuuza michoro mlango kwa mlango. Wateja walitaka kitu cha kutundika sebuleni. Kulikuwa na mitindo inayofahamika, na kila mchoraji aliijua: mamba muntu, yaani nguva mwenye nywele ndefu; "colonie belge", askari anamchapa mfungwa viboko na Mzungu anatazama; na "arabisés", Waarabu wa kanzu na msafara wa mateka. Huo wa mwisho ndio uliopeleka habari za Kasongo, Nyangwe na Kabambare kwenye kuta za wafanyakazi wa migodi, ambao baadhi yao asili yao ilikuwa huko huko.

Mwaka 1973 na 1974 mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu Lubumbashi, alikutana naye. Tshibumba alimwambia ana jambo kubwa zaidi ya mchoro mmoja mmoja: anataka kuichora historia nzima ya nchi. Akaileta kidogo kidogo, kwa mafungu, kwenye vitambaa vya magunia ya unga vilivyopigwa rangi. Zilitimia picha 101 zilizoingia katika kitabu ambacho Fabian alikitoa mwaka 1996. Zinaanza na falme za kale, zinapita Wareno, Livingstone, biashara ya watumwa, Msiri, reli, migodi, uhuru, kifo cha Lumumba, waasi wa miaka ya 1960, hadi siku zijazo alizoziona yeye mwenyewe kwa hofu.

Kinachonifanya nimweke katika makala kuhusu hadithi za picha ni namna zilivyokuwa zikikabidhiwa. Picha ziliegemezwa, kinasa sauti kikawashwa, na Tshibumba akazipitia moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Katanga, lugha ambayo mtu wa Kasongo anaifuata bila taabu. Hakueleza rangi. Alisimulia. Picha moja iliiita ya pili, na alipoona mwenzake hajaelewa, alirudi nyuma. Alijiita mwanahistoria, na alisisitiza kwamba kazi ya picha ni kumfanya mtazamaji afikiri. Katika mchoro wake wa kifo cha Lumumba, miili mitatu imelala, na nyuma yake, mbali kwenye upeo, imesimama misalaba mitatu. Hakuna mwanahistoria wa chuo atakayethubutu kuweka misalaba hiyo. Tshibumba aliiweka, akaulizwa, akajibu: kwake Lumumba alikuwa Yesu wa Zaire. Unaweza kumpinga, lakini huwezi kusema amejificha.

Hapo ndipo ninapoona tofauti yake na wote waliotangulia. Jameson alieleza picha zake kwa sababu ameshtakiwa. Mchoraji wa London na Hubinon hawakuulizwa kamwe. Tshibumba alileta maelezo pamoja na turubai, kana kwamba moja bila jingine ni kazi isiyokamilika. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuonekana tena, wala hatima yake haikujulikana. Picha zake ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililojulikana kama Tropenmuseum.

Mchoraji wa bede aliyeikaribia Maniema kuliko wengine ni Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani mwaka 1959. Huyu ana vyote: alichapishwa Ulaya tangu miaka ya 1980, alichora mfululizo wa Eva K. na wa Mandrill pamoja na Frank Giroud, na Kinshasa alishiriki kuanzisha karakana ya ACRIA iliyowafunza vijana kuchora. 

Mwaka 2014 yeye na Christophe Cassiau-Haurie walitoa Madame Livingstone. Ni vita vya kwanza vya dunia kando ya Ziwa Tanganyika. Rubani Mbelgiji anatumwa kuizamisha Graf von Götzen, meli ya Wajerumani ambayo sasa ni MV Liemba. Kiongozi wake wa njia ni chotara anayevaa sketi ya Kiskoti na kudai kwamba baba yake ni David Livingstone. Askari wanamcheka kwa sketi hiyo, ndipo likaja jina la kitabu. Ni hadithi ya kubuni, lakini ina mahali pake pa kuanzia: Livingstone alikaa kweli upande wa magharibi wa ziwa, akilala Kabambare na vidonda vyake, na uvumi hauhitaji zaidi ya hapo. Ninachokipenda ni kwamba chotara huyo ndiye anayejua nchi, anayejua lugha, na ndiye anayemfundisha Mzungu kutazama. Baruti amemtoa nyuma ya mzigo alikowekwa na Spirou, akamweka katikati ya fremu.

Ningependa angewachora zaidi wapagazi. Jeshi la Wabelgiji lililoingia Tabora Septemba 1916 lilibebewa chakula na risasi na watu zaidi ya laki mbili, na Maniema, iliyokuwa nyuma tu ya mstari wa vita, ilitoa sehemu yake. Baadhi wanaonekana kwenye kurasa, pembeni, wakipita. Msafara wao peke yao ungejaza albamu nyingine.

Madame Livingstone ipo kwa Kifaransa, na tangu 2021 kwa Kiingereza. Maneno ya Tshibumba yalinukuliwa kutoka kwenye kanda na kuwekwa mtandaoni mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa Kiswahili chake mwenyewe, na kuyasoma hakuhitaji malipo.