Kadi Mbili Zisizo Pacha

Kitenzi kuchimba hakijawahi kukosa kibarua. Abiria wa basi la mkoani humwomba kondakta asimamishe gari wakachimbe dawa, na hakuna anayetarajia kuona mzizi. Mkubwa wa kazi huchimba mkwara. Siku hizi kuna pia kijana wa Sinza au Buruburu aliyefungua ubavu wa kompyuta, akapachika kadi mbili za grafiki, moja ya Nvidia na nyingine ya AMD, naye anasema anachimba. Sururu hana, feni anazo tele.

Kitenzi hiki kilifika huku na mfano wake. Satoshi Nakamoto, katika waraka wake wa mwaka 2008 juu ya sarafu ya kidijitali ya bitcoin, alifananisha utoaji wa sarafu mpya na wachimba dhahabu wanaotumia nguvu na mali ili kuongeza dhahabu kwenye mzunguko. Kiuchumi mfano unasimama. Kiufundi unapotosha, maana hakuna mwamba wala kilichofukiwa. Kadi hubahatisha: inachukua namba, inaichanganya na taarifa za bloku, inaipitisha kwenye kanuni, kisha inatazama kama jibu limeshuka chini ya kiwango kilichowekwa. Halikushuka? Namba nyingine. Kadi ya RX 580 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 ilikuwa ikifanya hivyo kiasi cha mara milioni 30 kwa sekunde kwenye Ethereum, sarafu nyingine ya namna hiyo, na GTX 1060 ya gigabaiti 6 kama milioni 22 hivi. Laiti tungeanza upya, ningekipigia kura kitenzi kubahatisha. Lakini kura hiyo imeshapigwa sokoni, na kuchimba kimeshinda.

Kinachonisumbua zaidi ni kitenzi kingine. Swali la mgeni katika kazi hii huja karibu kila mara hivi: "Naweza kuunganisha kadi mbili tofauti?" Neno kuunganisha limeshampoteza kabla hajajibiwa. Anaona kadi mbili zikiyeyuka kuwa moja, kumbukumbu zikijumlishwa, mbio zikilinganishwa, na anaogopa kwamba iliyo dhaifu itaivuta chini yenye nguvu. Hofu hiyo ina asili yake. Wacheza gemu walikuwa na teknolojia ya namna hiyo, SLI ya Nvidia, iliyoingia sokoni mwaka 2004, ambayo ilizifunga kadi mbili ili zichore picha za gemu moja kwa kupokezana, na ilidai kadi za modeli moja. Huko ndiko kuoanisha hasa, na ndoa ile ilikuwa na masharti.

Kwenye kuchimba hakuna ndoa. Kila kadi inajaribu namba zake, na wala haihitaji kujua kama mwenzake yupo. Hawa ni wapangaji wawili wa nyumba moja: mlango wa kuingilia ni mmoja, LUKU ni moja, lakini kila mtu na jiko lake. Nimejizoesha kuziita kadi wapangaji, na neno hili linasaidia kwa sababu linamwelekeza mtu kwenye ugomvi halisi. Ugomvi wa wapangaji ni umeme na joto. RX 580 imeandikwa wati 185 na GTX 1060 wati 120. Jumla ni wati 305, yaani yuniti 7 na ushee kwa siku kabla hujahesabu kompyuta yenyewe. Pawasapulai iliyochoka haitajali kampuni iliyotengeneza kadi, itazima tu. Kadi mbili zikibanana kwenye kesi, ya juu inapumua hewa moto ya ile ya chini, ndiyo maana mafundi huitoa moja nje kwa raiza, yaani kebo ya kuirefushia sloti. Kazi hii hupitisha data kidogo sana, kwa hiyo hata sloti nyembamba kuliko zote inatosha.

Usimbe huu wa kila mmoja na lake ulionekana wazi mwishoni mwa 2020. Ethereum ilimtaka kila mchimbaji apakie faili kubwa kwenye kumbukumbu ya kadi. Faili hilo lilianza na gigabaiti 1 mwaka 2015, likawa linakua, hata likazishinda kadi za gigabaiti 4. Aliyekuwa na ya 4 na ya 8 ndani ya kompyuta moja aliiona ya kwanza ikisimama na ya pili ikiendelea. Kama zingekuwa zimeungana kweli, zingesimama pamoja.

Tofauti ya kampuni huleta shida moja tu ya maana, nayo ni draiva. Kuna watafsiri wanaoandika "dereva", nami hucheka nikiwaza madereva wawili kwenye usukani mmoja. Kiendeshi ni neno zuri zaidi. Nvidia husikia lugha ya CUDA, AMD husikia OpenCL, kwa hiyo kompyuta inahitaji viendeshi vya pande zote mbili, na programu ya kuchimba iwe inajua zote, kama PhoenixMiner ilivyokuwa.

Halafu kuna puli, ule ushirika wa wachimbaji wanaogawana pato. Tafsiri za mashine huigeuza kuwa "bwawa", na mtu wa Geita akisikia bwawa atauliza tope liko wapi. Vipande vya kazi ambavyo kadi hupeleka huko huitwa "hisa", kana kwamba ni za kampuni. Ningesema mgawo, kama wafanyavyo wachimbaji wadogo wanapogawana mifuko ya mawe duara, yaani shimo lao, likishatema.

Kwa wasemaji wa Kiswahili wa Kivu Kaskazini kitenzi kuchimba kina uzito mwingine. Rubaya, katika eneo la Masisi, watu huchimba koltani kwa sururu na sepetu. Koltani hutoa tantalamu, na tantalamu huingia kwenye kapasita zinazotuliza umeme ndani ya kadi nyingi za grafiki. Katika jimbo hilohilo, Luviro, Hifadhi ya Virunga ilianza mwaka 2020 kuchimba bitcoin kwa umeme wa maji, kwa mashine maalumu na si kadi hizi. Vijana wa pande zote mbili wakiulizwa kazi yao hujibu kwa neno moja.

Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliacha utaratibu wa kuchimba, na kadi kwa maelfu zikamwagika kwenye masoko ya mitumba. Mnunuzi sasa huuliza, "Imechimba?" Sarufi inanituma niulize "imechimbishwa?", kwa kuwa kadi haikujituma. Kauli hiyo ya kutendesha humrudisha mwenye nyumba kwenye maelezo: aliishusha wati au aliikamua? Alisafisha vumbi? Kadi iliyochimbishwa kwa wati za chini mahali penye hewa inaweza kuwa nzima kuliko ya mcheza gemu aliyekuwa akiipandisha na kuishusha joto kila jioni. Zungusha feni kwa kidole usikie kama inakwaruza, kagua kama mafuta ya pedi yamevuja pembeni, ndipo mzungumze bei.