Maji ya Kununua: Wasafiri na Wenyeji katika Ugogo ya Zamani

Mtu wa Ugogo amebebeshwa majina mawili mabaya. La kwanza ni la utani wa siku hizi: Mgogo ni ombaomba. La pili ni la zamani, nalo limo vitabuni. Wazungu waliopita nchi hii katika karne ya 19 waliandika kwamba Wagogo ni watu wa tamaa, wanaomnyang'anya mpita njia mali yake kwa jina la hongo. Ajabu ni kwamba vitabu hivyohivyo vinaeleza kwa furaha vyakula ambavyo wasafiri walivipata kwetu. Ni vema basi sisi tunaoabudu hapa Buigiri, kando ya barabara iliyorithi safari zile, tuulize: wasafiri wale walikula nini, walikunywa nini, na nani aliwapa?

Njia kuu ya misafara ilianzia pwani, Bagamoyo na Saadani, ikapanda hadi Mpwapwa, ikaikata Ugogo kuelekea Tabora na Ujiji. Nguo, shanga, nyaya za shaba na bunduki zilipanda. Pembe za ndovu na watumwa walishuka. Ugogo ilikaa katikati ya mapori mawili. Mashariki, baada ya Chunyo, palikuwa na nyika iliyoitwa Marenga Mkali. Jina hilo limetoka katika neno la Kigogo malenga, yaani maji. Maji makali, yenye chumvi. Magharibi palikuwa na Mgunda Mkali, pori refu lenye maji haba. Msafara uliivuka Marenga Mkali kwa mwendo ulioitwa terekeza: watu walipika na kunywa asubuhi, wakaondoka jua likiwa kali, wakatembea hadi usiku, wakalala bila maji, kisha wakaamka alfajiri kuyatafuta mbele. Kwa hiyo aliyeingia Ugogo aliingia na kiu, na aliyetoka alipaswa kutoka na mzigo wa nafaka wa kumvusha Mgunda Mkali. Hakuna msafara ulioweza kupita hapa bila kusimama.

Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857. Henry Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na msafara wake ulipoungana na misafara ya Waarabu walifika watu wapatao 400. Alipofika Mvumi, wenyeji walimiminika kambini na bidhaa zao: maziwa mabichi na ya mgando, asali, samli, maharage, mtama, uwele, mahindi, karanga, matikiti, maboga na matango. Walibadilishana kwa merikani, kaniki na shanga. Ndugu msomaji, orodha hiyo si ya nchi ya ombaomba. Ni orodha ya watu waliolima na kufuga hata wakabakiza cha kulisha wageni mamia kwa wakati mmoja, tena katika nchi yenye msimu mmoja wa mvua, ambapo hunyesha kati ya milimita 500 na 600 tu kwa mwaka.

Hapo tutofautishe mambo mawili ambayo wasafiri wale waliyachanganya. Mgeni aliyefika kwenye kaya, akapita mlangoni mwa tembe na kusalimu, alikuwa mgeni wa nyumba hiyo. Alipokewa kwa "Mbukwenyi", akaulizwa habari za kwao, za watu, za mifugo na za mvua. Alipewa maji, kisha akaketi na wengine kwenye ugali wa uwele au mtama, kwa mlenda, akamega tonge kutoka chombo kimoja na wenyeji wake. Mlenda huo wengi wetu tunaujua: majani yanayochumwa wakati wa mvua, yanaanikwa, yanatwangwa na kuwekwa akiba ya kiangazi. Aliyelishwa hivyo hakudaiwa kitu, isipokuwa ule wajibu unaosemwa katika methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Msafara ulikuwa jambo jingine. Watu 400 wenye bunduki hawawezi kuwa wageni wa nyumba moja. Posho ya kawaida ya mpagazi ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, karibu robo tatu ya kilo. Basi watu 400 walimaliza karibu magunia matatu ya kilo 100 kila siku. Na kila mmoja akinywa lita tatu tu, ni lita 1,200, kabla ya kuhesabu punda na maji ya kupikia. Wakati wa kiangazi maji hayo yalitoka katika visima vilivyochimbwa kwa mikono kwenye mchanga wa makorongo, ambako maji hujikusanya polepole. Ng'ombe wa mwenyeji, na mtoto wa mwenyeji, walisubiri kisima hichohicho.

Ndiyo maana palikuwa na hongo. Leo neno hilo tunalijua kwa maana ya rushwa, kitu kinachotolewa gizani ili haki ipindishwe. Hongo ya wakati ule ilitolewa mchana, mbele ya watu, kwa doti za nguo zilizohesabiwa, naye aliyeipokea alikuwa mtemi, mwangalizi wa ardhi na maji, ambaye watu walimtazamia hata mvua ilipokawia. Sisemi kwamba kila mtemi alitoza kwa kiasi. Wako waliozidisha, wakawakawiza wasafiri siku kadhaa kwa mashauri yasiyokwisha. Lakini tamaa ya mwenye kisima haiondoi haki yake ya kukilinda.

Biblia inalijua jambo hili vizuri. Katika Kumbukumbu la Torati 2:6, Mungu anawaagiza Israeli watakapopita katika nchi ya wana wa Esau wanunue kwao chakula kwa fedha, na maji pia wayanunue kwa fedha. Tuitafakari amri hiyo. Hao ni taifa teule, lililolishwa mana na kunyweshwa maji ya mwamba, lakini hawaruhusiwi kunywa bure kisima cha jirani. Katika Hesabu 20 wao wenyewe wanamwahidi mfalme wa Edomu kwamba watalipa kama wao au mifugo yao watakunywa maji yake. Kumbe ukarimu una pande mbili. Mwenyeji ameagizwa asimfungie mgeni mlango, na mgeni ameagizwa asimkaushie mwenyeji kisima.

Wajumbe wa Injili nao walipita njia hiyo. Mwaka 1876 watu wa kwanza wa CMS walikuwa njiani kwenda Uganda. Mwaka 1877 Alexander Mackay alifanya kazi ya kufungua barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Mwaka 1882 James Hannington, ambaye baadaye alikuwa askofu na akauawa Busoga, aliivuka Ugogo akielekea ziwani. Hao pia walilipa hongo, na wengine walinung'unika sawa na Stanley. Lakini walikula uwele wetu na kunywa maji yetu ya chumvi. Tunapomshukuru Mungu kwa Injili iliyofika Uganda na baadaye ikajenga vituo Mvumi na hapa Buigiri, tuwakumbuke pia akina mama wasiotajwa majina, waliobeba vibuyu vya maziwa na vikapu vya nafaka hadi kambini. Historia ya Kanisa imewasahau, ingawa bila wao wajumbe wasingefika. Mtume Paulo angewaelewa, maana aliwakumbusha Wathesalonike kwamba hakula chakula cha mtu bure (2 Wathesalonike 3:8).

Likaja kundi la wageni waliokataa kulipa. Mwaka 1890 Mjerumani Carl Peters alipita Ugogo akirudi kutoka Uganda. Alipodaiwa hongo alijibu kwa risasi, akachoma vijiji na kuchukua ng'ombe, kisha akajisifu kitabuni. Serikali ya Wajerumani ikaimarika, hongo ikafa, na mwaka 1910 reli ikafika Dodoma. Msafiri sasa aliweza kupita bila kumwamkia mtu.

Gharama yake ilionekana wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Wajerumani, na baada yake ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosekana. Ikaja njaa ambayo wazee waliiita Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920. Maofisa wa Uingereza walikadiria kwamba katika wilaya ya Dodoma walikufa watu wapatao 30,000 kati ya 150,000. Ukame tuliuzoea, babu zetu walikuwa na vihenge vya nafaka, mlenda mkavu, na mifugo ya kubadilishana na chakula. Safari hii vihenge na mazizi vilikuwa vimekwisha kusombwa na wapita njia.

Mathias Mnyampala, mshairi maarufu aliyezaliwa Ihumwa mwaka 1917, alizaliwa katika njaa hiyo. Ndiye aliyetuandikia kwa Kiswahili historia, mila na desturi za Wagogo, kitabu kilichotoka mwaka 1954, naye pia akaitungia Injili utenzi. Mtoto wa Mtunya ndiye aliyehakikisha kwamba tunasomwa pia kwa kalamu yetu, si kwa kalamu ya wapita njia peke yao.

Basi huyo anayeitwa ombaomba ametoka wapi? Njaa ilipokaza, watu walitoka kwenda kuhemea, wakibeba walichobakiwa nacho ili wapate nafaka kwa ndugu na majirani wa mbali. Wenyeji wa jana wakawa wasafiri wa leo. Wale ambao babu zao waliulisha msafara wa Tabora sasa walisimama mlangoni mwa watu wengine. Anayecheka hapo hajui historia, wala hajui kwamba zamu huzunguka. Israeli nao waliambiwa wampende mgeni kwa kuwa walikuwa wageni Misri.

Liko swali moja ambalo wazee wa Kanisa walilazimika kulijibu. Kinywaji cha heshima katika kaya nyingi kilikuwa ujimbi, pombe ya uwele au mtama. Ililewesha, na ilitumika pia katika matambiko. Wamisionari wa CMS, kutoka Uingereza na baadaye Australia, walifundisha waumini waiache. Hatari ilikuwa kwamba mtu angeacha pombe na kuacha ukaribisho pamoja nayo. Mkristo wa Ugogo aliyeukwepa mtego huo ni yule aliyeweka uji, maziwa ya mgando au chai mahali pale pale palipowekwa kibuyu cha ujimbi, na akaendelea kumwita mpita njia aingie. Kinywaji kilibadilika, mlango ulibaki wazi.

Wito huo haujaisha. Mwaka 1950 Kanisa Anglikana lilianzisha hapa Buigiri shule ya wasioona, na watoto wakaja kutoka mbali. Tangu uamuzi wa mwaka 1973 makao makuu ya nchi yamekuwa yakihamia Dodoma, na mwaka 2023 Ikulu mpya ilizinduliwa Chamwino, jirani zetu. Misafara imerudi, ila sasa ina magari. Wageni wananunua viwanja, wanachimba visima virefu, wanajenga.

Kwetu wenyeji, Waebrania 13:2 inatukumbusha kwamba wako waliowakaribisha malaika bila kujua. Tusiwapokee wageni kwa manung'uniko, wala tusiwatoze kama watemi wale waliozidisha. Kwa ninyi mliohamia na sasa mnaketi nasi katika madhabahu moja, Kumbukumbu la Torati 2:6 bado ni neno la Mungu. Lipeni ardhi kwa bei ya haki, mlipeni mfanyakazi ujira wake, na kabla ya kuchimba kisima ulizeni nani anakunywa bondeni. Kisha njooni kwenye ugali na mlenda. Huo hauuzwi.