Jina la Maskini Katika Daftari

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Lakini afanyeje mtu ambaye asili yake iliandikwa, kisha maandishi yakateketea? Swali hili huwakabili watu wa Ayalandi, pamoja na wajukuu wa Waayalandi waliohamia Marekani, Uingereza na Australia. Katika chuo cha ualimu nilifanya kazi na mapadri na masista wa nchi hiyo, na kwa ajili yao nikaanza kufuatilia habari za rejesta zao. Nazieleza hapa kwa kuwa zina funzo kwa kila anayetafuta wazee wake.

Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, hifadhi ya nyaraka za taifa katika Four Courts mjini Dublin ililipuka na kuungua. Sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 zikawa majivu, isipokuwa sehemu chache. Wala moto haukuwa adui wa pekee. Sensa za 1861 na 1871 zilikwisha kuharibiwa kwa amri ya serikali, na zile za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kutoka enzi ya utawala wa Uingereza, sensa kamili zilizosalia ni mbili tu: 1901 na 1911.

Kwa hiyo mtafutaji hurudi nyuma hatua kwa hatua. Kuna rejesta ya serikali ya vizazi, ndoa na vifo, iliyoanza kuwahusu watu wote mwaka 1864. Kabla ya hapo hutegemea rejesta za parokia. Za Wakatoliki mara nyingi ziliandikwa kwa Kilatini, hata James akawa Jacobus. Tena majina yale yale hujirudia, basi mwenye busara hutazama pia wasimamizi wa ubatizo, maana aghalabu walikuwa ndugu au majirani. Zaidi ya yote, yampasa akijue kitongoji. Ayalandi ina vitongoji zaidi ya 60,000, na jina kama John Murphy bila kitongoji ni sindano katika lundo la majani.

Pengo la sensa huzibwa kwa kiasi na uthamini wa ardhi na nyumba uliosimamiwa na Richard Griffith, uliochapwa kati ya 1847 na 1864. Humo mna jina la mkaaji, jina la mwenye ardhi, ukubwa wa shamba na thamani yake. Lakini tujiulize, msomaji, daftari hilo lilitaka nini. Lilitaka kodi. Ndiyo maana linamtaja mkuu wa kaya na kuwaacha mkewe na watoto. Isitoshe, sehemu yake iliandikwa wakati wa njaa kuu ya 1845 hadi 1852, iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwahamisha wengine kama hao. Asiyeonekana humo huenda alikufa, huenda alipanda meli, au huenda hakuwa na kitu cha kutozwa. Karatasi haitatwambia.

Kuanzia Januari 1909 mambo yaligeuka kidogo. Serikali ilianza kuwalipa pensheni maskini waliotimiza miaka 70. Wazee wengi wa Ayalandi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, basi makarani walitumwa kupekua sensa za 1841 na 1851 ili kuthibitisha umri wao. Mzee alitaja wazazi wake na kitongoji chake, na karani akaandika alichokikuta. Sensa zenyewe ziliungua, lakini fomu nyingi za upekuzi huo zipo hadi leo. Hivyo familia kadhaa zinajulikana kwa sababu tu mzee mmoja fukara alidai haki yake. Wengine walijitetea kwa kusema wanaukumbuka Usiku wa Upepo Mkubwa, dhoruba ya Januari 1839.

Jambo hilo halikunishangaza. Nilipokuwa mwalimu kijana niliandikisha watoto wasio na vyeti. Mzazi aliniambia, "Huyu alizaliwa mwaka wa mafuriko," nami nikaandika 1961. Mwingine alipitisha mkono juu ya kichwa, akagusa sikio la upande wa pili, tukamhesabu kuwa ametosha kuanza shule. Mwaka uliokisiwa namna hiyo ukishaingia daftarini, mjukuu wake atausoma kama ukweli mtupu.

Basi ukifungua rejesta ya zamani, usianze na jina. Uliza kwanza nani aliandika, na alitaka nini kwa yule aliyeandikwa. Kisha wahoji wazee walio hai, uandike majina ya wanawake na watoto ambao mtoza kodi hakuwahitaji.