Mbozi Mission na njia ya vita ya 1918

Mbozi Mission ni makazi yaliyokua kandokando ya kituo cha Kanisa la Moravian katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, Tanzania. Kwa msafiri anayefuatilia Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki, ni mojawapo ya vituo vya njia iliyopitiwa na jeshi la Wajerumani kabla ya kuweka silaha chini. Vita hivyo vilikuwa vya kuhamahama, hivyo anayezuru hafiki kwenye uwanja mmoja wa mapigano. Hufuata barabara, kutoka uwanda wa Mbozi hadi ng'ambo ya mpaka wa Zambia.

Wamoravian walianza kazi Rungwe mwaka 1891, na miaka michache baadaye wakaanzisha kituo cha Mbozi kati ya Wanyiha. Mmisionari Traugott Bachmann, aliyeishi hapo muda mrefu, alitafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha. Hospitali ya kanisa ingali ikihudumia wakazi.

Mei 1916 vikosi vya Waingereza chini ya Jenerali Edward Northey vilivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, vikaiteka nchi kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Vita vilirudi baada ya miaka miwili. Mwishoni mwa Septemba 1918 kamanda wa jeshi la Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alivuka Mto Ruvuma akitoka Msumbiji, akapita Ubena na kugeukia magharibi. Katika kumbukumbu zake anaitaja Mbozi Mission kuwa mahali palipokuwa na ghala la Waingereza lenye chumvi na kahawa. Jeshi lisilokuwa na njia ya kuletewa mahitaji liliishi kwa maghala ya adui na nafaka za wanavijiji.

Kutoka hapo lilishambulia Fife, karibu na Nakonde, mwanzoni mwa Novemba, lakini halikuweza kuitwaa ngome. Likaendelea hadi Kasama, na tarehe 13 Novemba habari za kusimamishwa kwa vita zikamfikia kamanda wake karibu na Mto Chambeshi. Tarehe 25 Novemba Wazungu 155 na askari 1,168 walijisalimisha Abercorn, sasa Mbala. Pamoja nao walikuwamo wapagazi; pande zote mbili za vita zilitumia wapagazi kubeba risasi na chakula. Wengi wao walikufa kwa maradhi na uchovu, na ni wachache mno waliopata makaburi yenye majina.

Kwa sababu hiyo kumbukumbu za njia hii hazilingani. Chambeshi pana mnara, na Mbala pana alama ya kujisalimisha, lakini sehemu kubwa iliyobaki ni mashamba, vijiji na barabara. Upande wa Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ya baadaye huhitaji kutangazwa rasmi. Maeneo ya vita vya 1914–1918 hayaingii katika ulinzi huo wa moja kwa moja.

Mbali na njia ya vita, kivutio kinachojulikana zaidi wilayani Mbozi ni Kimondo cha Mbozi, kilichoko kijiji cha Ndolezi kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Ni pande la chuma lenye urefu wa takribani mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16.

Barabara kuu ya Mbeya–Tunduma na reli ya TAZARA hupita Mlowo na Vwawa, makao makuu ya mkoa. Anayetaka kufika Fife, Kasama na Mbala huvukia kituo cha pamoja cha mpaka cha Tunduma–Nakonde, akiwa na hati ya kusafiria. Kituo cha misheni na mashamba ya jirani vinatumiwa na watu kila siku. Ustaarabu wa kawaida ni kupiga hodi kwa viongozi wa kanisa au mwenyekiti wa kijiji kabla ya kupiga picha au kukanyaga makaburi, na kutochimba wala kuokota masalia. Ganda la risasi likiondolewa lilipoangukia, ushahidi wa mahali kikosi kilipopigana huondoka nalo.