Sadaka na Sanduku la Kura

Sadaka ni jambo jema, na kupiga kura ni jambo jema. Lakini mambo mawili mema yakikutanishwa mahali pamoja si lazima yazae jema la tatu. Katika nchi kadhaa ni desturi siku ya uchaguzi kuweka meza ya mchango karibu na kituo cha kupigia kura, kwa ajili ya shule, kanisa au maskini. Wako wanaosema kuwa hapana siku bora kuliko hiyo, kwa kuwa watu wote wa mtaa hukusanyika, na raia anayetimiza wajibu wake kwa taifa hukumbuka upesi wajibu wake kwa jirani. Wako wanaojibu kuwa fedha, hata ikiwa ya sadaka, haina haki ya kusogea karibu na sanduku la kura. Mabishano hayo hayaamuliwi kwa kupima wema wa sadaka, maana wema huo haubishiwi na mtu. Huamuliwa kwa kutazama fedha imefanya nini uchaguzini katika nyakati zilizopita.

Uingereza ilipata funzo lake kwa fedheha. Hadi mwaka 1872 mpiga kura wa nchi hiyo alitaja hadharani jina la mtu aliyemchagua, na jibu lake likaandikwa daftarini huku mwenye nyumba wake, tajiri wake na wagombea wenyewe wakisikia. Kwa hiyo kura ilikuwa bidhaa ambayo mnunuzi aliweza kuhakikisha kuwa ameipokea. Wagombea walifanya karamu na kulipia pombe, na walioshiba walijua wanadaiwa nini. Msanii William Hogarth alizichora desturi hizo katika picha nne karibu na mwaka 1755, na ya kwanza yaonyesha karamu ya uchaguzi ambamo meza imejaa na akili za walaji zimepotea. Sheria ya mwaka 1872 ilileta kura ya siri, na ile ya mwaka 1883 ikaweka kikomo cha fedha ambazo mgombea aliruhusiwa kutumia, tena ikakaza adhabu za hongo na za kuwalisha na kuwanywesha wapiga kura. Haikuwa kwamba wabunge wale waliuchukia ukarimu. Sahani ya chakula hubadili maana yake kwa kufuata mkono unaoitoa: ikitolewa na jirani ni ukarimu, na ikitolewa na mtaka kura ni bei.

Marekani ilionyesha hatari ya upande wa pili, yaani fedha inayotoka kwa mpiga kura mwenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 majimbo ya kusini yaliweka kodi ambayo mtu alipaswa kuilipa kabla ya kukubaliwa kupiga kura. Kwa mwenye mshahara ilikuwa kodi ndogo. Kwa mkulima aliyelima shamba la mtu mwingine ilikuwa ukuta, na ukuta huo ulijengwa hasa kuwazuia Weusi, ingawa Wazungu maskini nao waliugonga. Badiliko la 24 la Katiba lilikataza kodi hiyo mwaka 1964 katika chaguzi za serikali ya shirikisho, na mwaka 1966 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, katika shauri lililotoka Virginia, ikaikataza katika chaguzi za majimbo pia. Kiasi kilichoshindaniwa kilikuwa dola moja na senti 50 kwa mwaka. Mahakama iliona kuwa mali ya mtu haihusiani na kustahili kwake kuchagua. Kopo la sadaka si kodi, kwa kuwa anayelipita bila kutia kitu hazuiwi. Lakini kwa mtu ambaye babake alinyimwa kura kwa kukosa dola moja na nusu, sarafu inayoombwa mlangoni pale pale haiwezi kuonekana kuwa sarafu tu.

Ikiwa historia ya nchi hizo mbili ndiyo yote, basi hukumu imekwisha: meza ya mchango na iondolewe. Lakini ipo nchi iliyoiweka meza hiyo kwa miaka mingi bila uchaguzi wake kuharibika. Australia ni miongoni mwa nchi za kwanza kutumia kura ya siri, kwani makoloni yake kadhaa yaliianza mwaka 1856. Sheria ya mwaka 1911 iliamuru uchaguzi mkuu ufanywe Jumamosi, na ile ya mwaka 1924 ikafanya kupiga kura kuwa lazima. Mwaka 1922 walikuwa wamepiga kura watu wasiofika 60 katika kila 100 walioandikishwa. Mwaka 1925 walizidi 91. Kwa hiyo kila uchaguzi mji mzima hupita katika viwanja vya shule na kumbi za makanisa, maana huko ndiko vituo vingi vilipo. Wazazi wa wanafunzi waliiona nafasi hiyo. Waliuza keki, kisha wakachoma soseji na kuziuza ndani ya mkate kwa vitunguu, na faida ikanunua vitabu na vifaa vya michezo. Desturi hiyo imezoeleka hata mwaka 2016 jina lake, linalomaanisha soseji ya demokrasia, likateuliwa na kituo cha kamusi ya taifa kuwa neno la mwaka.

Yapo mambo matatu yanayoilinda desturi hiyo. Kwanza, muuzaji hagombei kiti, na mtoto atakayesoma kitabu kile ni mtoto wa wafuasi wa vyama vyote. Pili, anayetoa fedha hupata chakula chake, wala hapewi alama ya kumtenga na asiyetoa. Tatu, jiko huwa uani, si mezani pa karatasi za kura. Sheria ya nchi hiyo hukataza kuwashawishi wapiga kura ndani ya meta 6 kutoka mlango wa kituo, na ingawa kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya wanasiasa, inafundisha kuwa mlango wa kura una heshima yake.

Hata hivyo ipo hoja nzito dhidi yake. Mtu anayelazimishwa na sheria kufika mahali fulani si sawa na mtu aliyekwenda sokoni kwa hiari, na si haki dola ikusanye umati ili mwingine auvune. Hoja hii ina nguvu pale mwombaji anapousogelea mstari, kwa kuwa aliye mstarini hawezi kuondoka bila kupoteza zamu yake. Haina nguvu pale mtu awezapo kupita mbali bila kusemeshwa. Tena hofu ikizidi huleta ukatili wake: mwaka 2021 jimbo la Georgia, Marekani, lilipitisha sheria ya kuadhibu mtu anayewapa wapiga kura chakula au kinywaji ndani ya futi 150 kutoka jengo la kupigia kura. Kwa kukimbia hongo, watunga sheria walimfikia hata jirani mwenye chupa ya maji.

Afrika Mashariki pia shule ni nyumba ya kura, na shule nyingi zilijengwa kwa mchango. Mwaka 1963 Jomo Kenyatta aliifanya harambee kuwa mwito wa taifa la Kenya, na wananchi wakachanga fedha na nguvu za mikono, wakajenga shule za sekondari kwa mamia. Miaka ilivyopita, mchango wa wengi uligeuka kuwa jukwaa la wachache: mwanasiasa alifika na bahasha, kiasi kikatangazwa kwa sauti, na makofi yakahesabiwa kama kura. Ndipo sheria ya uchaguzi ya mwaka 2011 ikaweka sharti kwamba anayeshiriki harambee ndani ya miezi 8 kabla ya uchaguzi mkuu apoteze haki ya kugombea. Tanzania nayo ilipita njia hiyo kwa jina jingine. Mwaka 2000 Bunge liliingiza katika sheria ya uchaguzi masharti yaliyohesabu takrima, yaani ukarimu wa desturi uliofanywa kwa nia njema, kuwa si hongo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilitangaza kuwa masharti hayo yalivunja Katiba, kwa kuwa yalimpendelea mgombea mwenye mali na kuifungulia rushwa mlango.

Kwa hiyo panapotokea shauri la mchango siku ya kura, neno sadaka lisiwe ndilo linalokata shauri, maana hata takrima ilikuwa neno zuri. Yaulizwe mambo matatu: nani anaomba, nani anasifiwa, na asiyetoa anapitaje. Ikiwa mwombaji hatafuti kura, ikiwa mtoaji hatangazwi, na ikiwa meza iko mbali na mstari, mchango hauna dhara. Likikosekana hata moja, mchango na ungoje kesho yake. Watoto watazihitaji fedha zile Jumatatu kama walivyozihitaji Jumamosi.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na katika mambo mengi ya dunia walisema kweli. Sanduku la kura liliwekwa ili pawepo angalau mahali pamoja ambapo methali hiyo haitumiki. Mjane asiye na senti huingia, hutia karatasi yake, nayo huhesabiwa moja kama ya tajiri. Mchango wowote unaomfanya ainamishe macho anapopita umeshachukua kwake kitu chenye thamani kuliko sarafu aliyoikosa.