Nguo Iliyosalia Jiweni

Pamba haina umri mrefu katika nchi ya mvua na joto. Ndiyo maana makaburi ya wafalme wa Kimaya, huko Mexico ya kusini, Guatemala na Belize, hutoa vyungu na shanga za mawe ya kijani, lakini nguo za maziko aghalabu zimekwisha kuwa vumbi. Vipande vilivyosalia ni haba. Baadhi viliopolewa mwanzoni mwa karne ya 20 katika kisima kitakatifu cha Chichén Itzá, vimeungua, vyeusi kama makaa.

Aliyeihifadhi nguo ni mchonga mawe. Mjini Yaxchilán, juu ya mlango wa nyumba ya Bibi K'abal Xook, mke wa mfalme, liliwekwa jiwe linalomwonyesha amepiga magoti katika ibada ya mwaka 709, akipitisha kamba ya miiba ulimini. Kisa ni damu. Lakini mchongaji hakuiharakia damu. Alituama kwenye vazi: nakshi za almasi, moja baada ya moja, hata matamvua ya pindo. Jiwe hilo sasa limo British Museum, London, na nakshi zake zingali zahesabika.

Kitanda cha mfumi kilichozaa nguo kama hiyo kilikuwa vijiti vichache tu. Ncha moja ya mtande ilifungwa mtini, ya pili katika mkanda uliozunguka kiuno cha mfumaji. Akiegemea nyuma, nyuzi hukaza. Akijisogeza mbele, hulegea, mshindio ukapita. Mwili wenyewe ulikuwa sehemu ya chombo. Kinyago cha udongo cha kisiwa cha Jaina chamwonyesha mwanamke kazini hivyo, na ndege ametua juu ya nguzo aliyofungia mtande. Vimepatikana pia vifaa vya mifupa vya kufumia, vimechongwa majina ya wanawake waliovimiliki. Si jambo dogo hilo, katika historia iliyosheheni majina ya wafalme.

Karne ya 16 Wahispania waliitwaa Yucatán, wakadai kodi ya mashuka ya pamba. Mikono ile ile ikafuma kwa kulazimishwa.

Kitanda cha mkandani hakikufa. Chiapas na nyanda za juu za Guatemala wanawake wangali wakikitumia, na almasi imo katika mavazi yao yaitwayo wipili. Mwaka 2016 wafumaji wa Guatemala waliiendea Mahakama ya Katiba, wakilalamika kwamba nakshi za jamii zao zanakiliwa na wafanyabiashara bila ya idhini wala malipo. Mwaka uliofuata Mahakama ililihimiza Bunge litunge sheria ya kuzilinda.