Kolelo, Musa na swali la aliyewatuma

Vita vya Majimaji vilipotimiza miaka 120 mwaka 2025, jina la kwanza midomoni mwa wengi lilikuwa Kinjikitile wa Ngarambe. Anastahili. Songea ina makumbusho ya vita vile, na tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 imemwingiza Kinjikitile darasani. Kolelo wa Uluguru hajapata heshima ya namna hiyo, na inauma.

Ukitoka Morogoro mjini kupitia Bigwa, unaipita Mkuyuni kabla ya kufika Matombo, ambako mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwishoni mwa karne ya 19. Milima ya upande huu ndiyo makao ya Kolelo, nyoka mkubwa wa pangoni ambaye hata Wazaramo walipanda kumwomba mvua.

Ujumbe wake wa mwaka 1905 tunausoma kwa Martin Klamroth, mmisionari wa Kilutheri aliyeishi na Wazaramo na kuuandika kwa Kijerumani miaka michache baadaye. Kwa maelezo yake, Kolelo alitumwa na Mungu kutengeneza yaliyoharibika. Kodi ya Mzungu isilipwe tena. Katikati ya Julai ingekuja gharika. Baadaye ikasemwa ardhi ingefunguka iwameze Wajerumani na wafuasi wao, bunduki za askari zitoe maji badala ya risasi, na simba saba waje kuwamaliza maadui.

Msomaji wa Biblia hashangai. Gharika anaijua tangu Nuhu, na ardhi kufunguka anaikuta Hesabu 16, Kora na wenzake walipomezwa wazima. Sidai kwamba Kolelo aliazima kwa wamisionari. Ninachosema ni kwamba watu wa milima hii hawakuhitaji kushawishiwa kuwa bahari inaweza kupasuka, kama ilivyopasuka mbele ya Musa. Walitaka kujua aliyeipasua ni nani, na alimtuma nani. Mmisionari aliyesema nguvu ya pangoni ni ya shetani alikuwa amekwisha kukubali kwamba nguvu ipo. Kutoka 7 inasema vivyo hivyo: waganga wa Farao nao walitupa fimbo zikawa nyoka, ila fimbo ya Haruni ikazimeza zao.

Ulaya nako kulikuwa na mabishano ya aina nyingine: kama miujiza ilitokea kweli. Mwaka 1828 Heinrich Paulus, profesa wa Heidelberg, aliandika kwamba Yesu alitembea ufukweni, wanafunzi wakadhani yuko juu ya maji. Na umati ulishiba kwa sababu wenye akiba ya chakula walikitoa wakagawana. Maelezo hayo yanatuachia watu wakarimu, lakini Mungu ametoweka.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi upande huu wa Uluguru, Kurani katika Al Imran inamtaja Isa akiponya vipofu na wakoma na kufufua wafu, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Basi jirani Mkatoliki na jirani Mwislamu wanaweza kubishana juu ya msalaba hadi usiku. Juu ya miujiza hawana ugomvi.

Swali la aliyetuma lilirudi mwaka 2011, maelfu walipofunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa KKKT, kwa shilingi 500. Mzee alisema dawa ile alioneshwa na Mungu ndotoni. Askofu wake, Thomas Laizer, alimuunga mkono hadharani.